Mkulima wa Makutupora hajakosa akili

Kila semina ya wajasiriamali ninayohudhuria Dodoma siku hizi hufunguliwa kwa tishio lile lile: asiyejua akili mnemba, biashara yake inakufa. Watu wanatoka ukumbini na hofu, wakiamini kwamba kilichowarudisha nyuma miaka yote ni kukosa maarifa. Nakataa.

Twendeni Makutupora, hapa hapa Dodoma. Kituo cha utafiti wa zabibu cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kipo hapo hapo, na kuna zabibu nyekundu iliyobeba jina la mahali hapa, Makutupora Red. Mkulima wa Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka. Wetu huvuna mara mbili. Anajua kupogolea, anajua mvua ikizidi ukungu unaingilia wapi. Mwezi wa nane mwaka jana nilisimama na mama mmoja kando ya makreti yake. Alipasua punje kwa ukucha, akailamba. "Sukari imefika, mwanangu. Zikikaa hapa siku tatu, nyuki watazimaliza." Mnunuzi aliyemwahidi alikuwa hapokei simu.

Mama huyu akiiuliza mashine ya akili mnemba, itamjibu vizuri tu: hifadhi kwenye ubaridi, tafuta soko jingine, ongeza thamani. Chumba cha ubaridi hana. Tangi la kutunzia mchuzi wa zabibu hana. Bei anaitaja mnunuzi, na kipimo cha sukari anakuja nacho mnunuzi. Programu gani itampa ubavu wa kukataa bei huku mzigo unamwozea? Ushirika wenye matangi yake unaweza kumpa.

Ipo sehemu moja ambapo simu inaweza kumfaa, nayo naitetea kwa moyo wote. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kuipata kunataka andiko la mradi, na andiko limeangusha vikundi vingi vyenye kazi nzuri. Wanachama wanachangishana kumlipa mtu wa stesheneri, naye anawatolea andiko la kikundi kingine akiwa amebadilisha jina tu. Leo binti wa kikundi anaweza kuieleza akili mnemba kwenye simu, kwa Kiswahili chake, shughuli yao yote, akapata rasimu jioni hiyo hiyo.

Ila mashine haijui mama alivuna kreti ngapi, zilioza ngapi, dawa ya ukungu ilikula shilingi ngapi. Asipoiambia, inaweza kubuni, tena kwa lugha iliyonyooka, na siku ya marejesho wanaodaiwa ni wanakikundi. Kwa hiyo kabla ya programu, daftari. Yule mama analo: la shule, la mjukuu wake, kurasa za nyuma. Upande mmoja zilizouzwa, upande wa pili zilizotupwa, kila msimu na ukurasa wake. Sijaona semina iliyomwomba mkulima afungue daftari kama hilo.

Wanaoandaa semina hizi nawaomba jambo moja. Fedha ya kumbi na posho za semina zijazo, ikusanyeni, mnunue matangi, myafikishe Makutupora kabla ya mavuno ya mwezi wa pili.