Rola Kosta Iliyokwama Ndiyo ya Kuaminiwa

Kila msimu wa likizo huzuka video ileile. Treni ya rola kosta imeganda kileleni, abiria wamefungwa kwenye viti, na mfanyakazi wa bustani ya burudani anawashusha mmoja mmoja kwa ngazi nyembamba ya pembeni. Watazamaji hutikisa vichwa: mbovu hiyo, haitengenezwi, siku moja itaua. Mzazi Mswahili aliyeko Abu Dhabi au Toronto, akipanga pa kuwapeleka watoto Jumamosi, huifuta bustani hiyo na kuchagua ile ambayo hajawahi kusikia imekwama. Huo ni upuuzi. Treni iliyokwama kileleni, mara nyingi, imefanya kazi yake barabara.

Reli ya rola kosta hugawanywa vipande, na sharti ni moja: kipande kimoja, treni moja. Vitambuzi vilivyofungwa kwenye reli huiarifu kompyuta treni zilipo. Kama ya mbele haijatoka kwenye kipande chake, ya nyuma huzuiwa. Breki nazo, nyingi zimeundwa ili zibane zenyewe umeme ukikatika au hewa ikivuja. Nguvu inahitajika kuzifungua, si kuzifunga. Ndiyo maana kitambuzi kimoja kilichoshika uchafu kinatosha kusimamisha kila kitu mchana kweupe, huku foleni ikinung'unika. Waliobuni walitaka hivyo hasa. Waliona heri kuwaudhi watu mia kuliko kubahatisha uhai wa mmoja.

Hata ile sauti ya ka-ka-ka wakati treni inavutwa kupanda, inayowafanya watu wazima waanze kusoma dua, ina kazi yake. Kwenye rola kosta nyingi za mnyororo, chini ya behewa kuna ulimi wa chuma unaoruka jino moja la reli na kudondokea nyuma yake, kisha jingine, kisha jingine. Mnyororo ukikatika, ulimi hung'ang'ania jino na treni hairudi nyuma. Ukiisikia, tulia. Zile za mbao nazo zimejengwa ziyumbe kidogo treni inapopita, na anayezishuku kwa sababu hiyo anazionea.

Sasa tuone yaliyotokea pale mashine iliposema simama na binadamu akasema hapana. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, rola kosta iitwayo The Smiler ilipata hitilafu. Treni tupu ya majaribio ilipelekwa, siku yenye upepo mkali, ikashindwa kumaliza mzunguko na kukwama kwenye bonde la reli. Kompyuta ikaliona hilo. Ikaizuia treni ya nyuma yake iliyobeba watu 16. Mafundi, wakidhani njia ni nyeupe na kompyuta ndiyo iliyokosea, wakaupuuza mfumo na kuiachia treni kwa mkono. Ikaenda kuigonga ile tupu. Wasichana wawili walikatwa mguu mmoja kila mmoja, na uokoaji ulichukua saa kadhaa, majeruhi wakiwa wananing'inia juu na chuma kimewabana.

Wachunguzi wa serikali hawakukuta kasoro kwenye reli, mabehewa wala mfumo wa kuongoza treni. Kilichokosekana ni utaratibu wa maandishi unaomwambia fundi nini cha kufanya, na nini asithubutu, treni inapozuiwa. Mwaka 2016 kampuni inayoendesha bustani ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Kwa maneno mengine, The Smiler ilikuwa salama kwa muda wote iliokuwa imekwama.

Na nani humfanya fundi aone kukwama ni aibu? Ni sisi. Sisi tunaodai kurudishiwa pesa, tunaopiga makofi ya kejeli kwenye foleni, tunaorekodi video na kuandika "mbovu". Ni abiria wale wale wanaomfokea dereva wa daladala aliyesimama kukagua tairi, kisha wakipata ajali wanauliza mbona hakukagua. Mwenye bustani anayejua kila kusimama kutahesabiwa dhidi yake, atahesabu na yeye: dakika ngapi tumepoteza leo, na nani wa kulaumiwa.

Lakini nisieleweke kwamba mgeni afumbe macho na kuiachia kompyuta. Kompyuta ya rola kosta inajua treni ilipo. Kama nguzo imepasuka, haina habari. Tarehe 30 Juni 2023, katika bustani ya Carowinds, mpakani mwa North Carolina na South Carolina nchini Marekani, mzazi mmoja aliinua macho akaona nguzo ya rola kosta iitwayo Fury 325 imekatika karibu na kichwa. Alirekodi: kila treni ilipopita, chuma kilisogea na mwanya ukapanuka hadharani. Rola kosta hiyo ina urefu wa mita 99 kwenda juu na kasi ya kilomita 153 kwa saa. Haikuwa imekwama hata kidogo! Ilikuwa inakimbia vizuri, watu wanapiga mayowe ya furaha. Ilifungwa siku hiyohiyo, na baadaye ikabainika kwamba ufa ulikuwa umeonekana kwenye picha zilizopigwa siku kadhaa kabla.

Siku hizo zote, kwa kipimo cha video zetu, Fury 325 ilikuwa rola kosta ya mfano. Mgeni aliyeiripoti hakuhitaji elimu ya uhandisi. Alikuwa na macho, na hakuona haya kumsumbua mfanyakazi aliyevaa sare.

Kama una hofu, basi, ielekeze panapostahili. Ukifika mlangoni usiulize imekwama mara ngapi mwaka huu. Uliza nani aliipitia reli asubuhi ya leo kabla ya kufungua, na nguzo zilitazamwa lini hadi juu. Wakikujibu kwa jina na saa, panda. Wakicheka na kukuambia ni salama kabisa, haijawahi kusimama, mnunulie mtoto aiskrimu na muende kutazama samaki.