Gari Uani kwa Mama

Miongoni mwa barua tulizoletewa mwezi huu imo ya mama mmoja wa Garsen. Mwanawe ameweka uani gari dogo la dizeli, bodi juu ya magogo na injini chini ya turubai, tangu yalipopungua mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023. Gari lenyewe ni Volkswagen Golf GTD. Kijana alilinunua kwa bei ya chuma chakavu baada ya kuingia maji, na kabla ya hapo mwenyewe wa kwanza alikuwa amelichezea vya kutosha: springi zimekatwa ili lilalie barabara, kizuia sauti kimeng'olewa kwenye ekzosi, na kompyuta ya injini imeandikwa upya ili lipate nguvu zaidi. Mama anauliza: je, hii si israfu? Kisha anaongeza, kwa upole wa akina mama, kwamba kamba ya kuanikia nguo imekwisha hamishwa mara mbili, na mbuzi wawili wameuzwa.

Swali hili lastahili jibu refu kuliko ndiyo au siyo. Israfu haipimwi kwa jina la kitu, hupimwa kwa haja, kwa uwezo na kwa haki za watu waliomo nyumbani. Hatukupenda kukihukumu tusichokiona, basi tulikwenda tukaliona.

Jina hilo la GTD lilianza mwaka 1982, wakati kiwanda kilipotia injini ya dizeli yenye turbo na nguvu farasi 70 katika kigari chepesi cha kukimbia. Gari la kijana wetu ni la toleo la baada ya mwaka 2009, na lilitoka kiwandani na nguvu farasi 170. Aliyeona kwamba 170 hazitoshi kwa barabara ya Garsen kwenda Hola, laiti angetuambia alikuwa akiwahi nini.

Ili akina mama wafahamu kilichoharibika, yafaa waijue injini ya dizeli inavyofanya kazi, na si jambo gumu. Haina cheche. Hewa huingia ndani ya silinda, pistoni ikaibana mpaka ikawa moto mkali, kisha mafuta yakarushwa humo yakawaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuifanya injini hiyo ifanye kazi mwaka 1897, na katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya namna hiyo ilionyeshwa ikienda kwa mafuta ya njugu. Sasa, hewa hubanika, lakini maji hayabaniki. Injini ikivuta maji huku inazunguka, pistoni hupanda ikayakuta yamejaa silinda kama ukuta, na kwa kuwa lazima kitu kimoja kishindwe, hujipinda konrodi, yaani ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Ndiyo maana gari lililozama haliwashwi kamwe kwa kulijaribu. Wengi waliopoteza injini zao hawakuzipoteza ndani ya maji. Walizipoteza asubuhi yake, kwa ufunguo.

Kijana huyu hakuugusa ufunguo. Alizifungua plagi za kupashia moto, akaizungusha injini taratibu kwa spana na mkono, na maji ya rangi ya udongo yakaruka kupitia matundu. Oili aliyoimwaga ilikuwa kama chai ya maziwa. Kisha akafungua hedi, akazipandisha pistoni moja moja hadi kileleni na kupima kimo cha kila moja. Tatu zilikuwa sawa, na ya nne ilibaki chini ya wenzake kwa kiasi cha unene wa ukucha. Huo ndio ushahidi wa konrodi iliyopinda. Mtu asiyepima angeifunga injini hivyo hivyo, nayo ingekwenda miezi michache kabla ya kuvunjika njiani. Konrodi nyingine imepatikana Mombasa, na hedi imepelekwa Malindi kusawazishwa uso kwa mashine, kwani kazi hiyo haifanyiki uani kwa tupa na macho.

Lililotupendeza zaidi lilikuwa ukutani. Mikebe ya Kimbo imepangwa safu, na kila mmoja una bolti na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: hedi, sumpu, turbo, giaboksi. Tuliuliza mwandiko ni wa nani. Ni wa dada yake, msichana wa sekondari. Ndiye pia aliyesafisha vichwa vya nyaya kwa mswaki, kimoja baada ya kingine, kuondoa tope la Tana. Tope hilo likikauka huwa laini kama unga, na hujificha ndani ya viungo vya umeme hadi kutu ianze. Yeye alitueleza habari za nyaya kwa ufasaha kuliko kaka yake.

Ama yale mapambo ya nguvu na mbio, rai yetu ni kwamba kulifufua gari la namna hii ni kuondoa zaidi kuliko kuongeza. Springi zilizokatwa zitupwe, na zinunuliwe za kimo cha kiwandani. Ardhi ya Garsen ni udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na gari linalolala chini litaacha sumpu yake kwenye tuta la kwanza. Matairi yale membamba ya ubavu mfupi nayo hayana maisha hapa, maana miiba ya mathenge imejaa kando ya kila njia na haiulizi bei ya tairi. Kizuia sauti kirudi mahali pake kwa ajili ya majirani, wagonjwa na watoto wanaolala. Na kompyuta irudishiwe maandishi yake ya awali. Nguvu ya ziada katika dizeli hupatikana kwa kumwaga mafuta mengi zaidi na kuizungusha turbo kwa kasi zaidi, na gharama yake ni joto, moshi mweusi na umri mfupi wa injini. Kijana alinung'unika kidogo hapa. Tulimwacha anung'unike.

Jambo la kompyuta za magari lina kisa chake. Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ya Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani yalitiwa programu iliyotambua wakati gari linapopimwa moshi, likajifanya safi mbele ya mpimaji na kurudia tabia yake barabarani. Wanafunzi wetu wa madrasa wanaosoma mlango wa ghushi katika biashara hawahitaji mfano wa mizani ya sokoni peke yake.

Kuhusu mafuta, kijana awe na kituo anachokiamini. Dizeli hailishi injini tu, bali huilainisha pampu na nozo zake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji ulienea hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida yake. Nozo za injini hii ni ghali, na dizeli iliyochanganywa huzila kimyakimya.

Turudi kwa wale mbuzi, kwani hapo ndipo penye swali la kweli, ingawa barua haikulitaja. Tulipouliza walikuwa wa nani, palikuwa na kimya. Mmoja alikuwa wa kijana mwenyewe. Wa pili alikuwa wa dada yake, aliyepewa na shangazi tangu akiwa mdogo. Hakuna aliyemlazimisha, naye alisema sawa. Lakini alisema sawa kwa nini? Alikopesha? Alitoa zawadi? Au alinunua fungu lake katika gari? Kijana alijibu, "Ni letu sote." Msichana aliangalia mikebe yake.

Mama, hapa ndipo tunapokujibu. Gari si israfu maadamu kijana hana deni la riba, hakuacha wajibu wake, na nyumba ina haja nalo. Na haja ipo, kwani kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mgonjwa hangoji matatu ijae. Kilichopotea uani kwako ni hesabu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an tukufu inahusu kuandika madeni, na haikuwavua ndugu wa tumbo moja. Chukua daftari, uwakalishe wote wawili pamoja na baba yao, mwandike: mbuzi wa dada kwa bei aliyouzwa, kazi yake ya nyaya ikiwa mtakubaliana kuihesabu, na kila spea iliyonunuliwa. Kisha msichana achague mwenyewe, bila kukonyezwa, kama anadai fedha zake au ni mshirika wa gari kwa fungu linalojulikana. Lifanyike sasa, injini ikiwa bado vipande vipande. Siku itakapowaka kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake, na ya mwenye ufunguo ndiyo itakayosikika.

Pamoja na hesabu ipo kadhia ya karatasi. Gari bado limeandikwa jina la mwenyewe wa kwanza. Lihamishwe kwa NTSA kabla ya shilingi nyingine kuingia ndani yake, na ikiwa rangi nyekundu itageuzwa nyeupe kama alivyosema, au injini nzima ikabadilishwa siku moja, hilo nalo huarifiwa huko huko ili kitabu cha gari kilingane na gari.

Yapo machache ya usalama, na tunayasema kwa sababu uani mna watoto. Asiingie mtu chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake; katika udongo ule jeki huzama, hata ikitandikiwa ubao, na lazima pawe na stendi au magogo. Oili chafu isimwagwe chini, maana kisima ki karibu na mto u karibu zaidi. Ihifadhiwe mtungini, ipelekwe gereji inayoikusanya. Mabomba ya nozo yana mgandamizo unaopita mara 1,600 ya ule wa hewa, ilhali tairi lina mara mbili na kitu. Yakivuja, yasipapaswe kwa kidole hata kidogo, kwani mafuta hutoboa ngozi, na kitundu kidogo cha namna hiyo ni cha hospitali siku ile ile. Tena turbo ikivuja oili, dizeli yaweza kuinywa oili yake yenyewe ikapanda kasi bila kusikia ufunguo. Aliye karibu azibe tundu la kuvutia hewa kwa ubao mpana, kamwe si kwa mkono wala kwa leso, la sivyo akimbie awatoe watoto.

Na ikiwa siku moja wataliuza, mnunuzi aambiwe kwa ulimi ulio wazi kwamba liliingia maji mwaka 2023 na konrodi moja si ya asili yake. Akifichwa, ana khiyari ya kulirudisha kwa aibu ile, na fedha zake ni haki yake.

Siku ya kuliwasha, kwanza injini izungushwe kwa starta bila mafuta, mpaka oili ifike kwenye turbo na beringi. Likishawaka lisikimbizwe. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kwani itakuwa imebeba vumbi la chuma, na kwa wiki ya kwanza safari ya Garsen hadi Minjila na kurudi yatosha. Mama akitaka kupanda, apande wiki ya pili.