Siku Mbili Kampala na Usiku Mmoja wa Mchezo

Askari apewapo ruhusa ya siku mbili, aghalabu huzimaliza kwa usingizi au baa pamoja na wenzake, huku bibi na watoto wakimwona kama mgeni. Hata hivyo, muda huo mfupi watosha kuipeleka nyumba nzima mjini. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 80. Apandaye basi asubuhi hufika kabla ya chakula cha mchana.

Kwanza, nauli ya kurudi itengwe na kukabidhiwa mama wa nyumba, isiguswe. Chakula cha njiani kipikwe nyumbani. Malazi yapatikane kwa ndugu au katika nyumba ya wageni ya bei nafuu.

Mchana wa siku ya kwanza wafaa kwa Jumba la Makumbusho, lililoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia kilima cha Kitante mwaka 1954. Humo watoto wataona ngoma na ala nyingine za muziki za makabila ya Uganda.

Jioni ni ya mchezo wa kuigiza. Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lililo karibu na Bunge, lilifunguliwa mwaka 1959. Yafaa kuuliza mapema mchezo ni wa lugha gani, na kama unawafaa watoto. Mtoto mchanga akilia, mzazi atoke naye. Taa zikizimwa, cheo hakina kazi tena: meja na koplo hucheka pamoja.

Wazazi wasiwafiche watoto wakubwa habari za Byron Kawadwa, mtungaji aliyeliongoza jumba hilo. Mwaka 1977 mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko, ulionyeshwa Lagos katika sherehe kuu ya sanaa za watu weusi. Baada ya kurejea, mwaka huo huo, alikamatwa na maofisa wa usalama wa utawala wa Idi Amin, akauawa.

Kwa hiyo askari akiketi kimya na watoto wake, akasikiliza hata neno linalomchoma, huwafundisha somo lisilopatikana gwarideni: kwamba bunduki ni ya kumlinda raia anaposema, wala si ya kumnyamazisha.

Kesho yake, wakingojea basi, baba na awaulize watoto wameelewa nini. Kisha awaache waseme mpaka mwisho.