Ada ya Nafsi si Nadhiri

Kila mwaka unapoanza, na kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia ukingoni, husikika watu wakijiwekea ahadi kubwa juu ya afya ya nafsi zao: huyu ataamka kabla ya alfajiri atembee mpaka jua lichomoze, yule ataiweka simu mbali baada ya Isha, na mwingine ataandika daftarini kila usiku yaliyomsibu mchana kutwa. Ahadi hizo ni njema wala sina nia ya kuzibeza. Lakini aghalabu hazimalizi mwezi, na sababu yake, kwa maoni yangu, si uvivu wa waliozitoa. Wamezifanya nadhiri, ilhali walichohitaji ni ada.

Nadhiri ina uzito wake, na ikivunjwa hudai kafara. Mwenye kuivunja hutahayari, akajiona hana haki tena ya kuendelea. Ada haina makuu hayo. Aliyezoea kupiga mswaki hakumbuki siku aliyoapa kuupiga, na akiusahau kwa sababu ya safari au msiba, huupiga kesho yake bila ya kujihukumu.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya watu 96, ambao kila mmoja alichagua tendo dogo la kula, kunywa au mazoezi ya mwili, akalifungamanisha na jambo alifanyalo kila siku, kama vile baada ya chamshakinywa. Ilikadiriwa kwamba mazoea yalihitaji baina ya siku 18 na 254 ili yakomae, na kati kwa kati siku 66. Na kukosa siku moja hakukuleta dhara ya maana. Ama zile siku 21 ambazo wauza nasaha hawachoki kutuhubiria, asili yake hunasibishwa na Maxwell Maltz, tabibu wa Marekani aliyetengeneza sura za watu kwa upasuaji, ambaye aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kwa uchache kama siku 21 kuizoea sura mpya. Hilo neno la uchache limepotelea njiani, na pua mpya imegeuzwa kanuni ya nafsi.

Basi anayetaka ada idumu na achague tendo dogo hata aone haya kulitaja, kisha alifuatanishe na jambo ambalo siku yake haiwezi kupita bila nalo: adhana, chai ya saa nne, kufunga duka. Dereva wa bodaboda hana nusu saa ya faragha, lakini anazo dakika chache za kuzima pikipiki mlangoni pake na kukaa juu yake kimya, pumzi zitulie, ili maudhi ya barabarani yasiingie ndani pamoja naye na kuwaangukia wanawe. Mama lishe aliyeamka saa kumi za usiku kuwasha mkaa hatafaidika na wasia wa kuamka mapema zaidi, na anayempa wasia huo hajapata kupuliza jiko. Limfaalo ni kulala saa ile ile kila usiku, na shoga wa kuzungumza naye wakati wa kuosha vyombo. Nami nasisitiza habari ya shoga, kwa kuwa siku hizi utunzaji wa nafsi huuzwa kama jambo la upweke, la mshumaa na chumba kilichofungwa, hali wazee wetu waliitunza barazani kwa kahawa chungu, na bibi zetu uani wakisukana nywele.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja, na humo alishauri kwamba mtu aziweke akiba fikra njema wakati wa utulivu, kama dawa ziwekwavyo nyumbani kabla ya maradhi. Ndiyo kazi ya ada: hufanywa siku ambazo hatuoni haja yake.

Hata hivyo, dakika za kutulia hazitibu sonona iliyokwisha kushika. Ambaye kwa muda wa wiki mbili au zaidi ana huzuni isiyomwachia, usingizi umempaa, na yaliyokuwa yakimfurahisha hayamvutii tena, huyo na aende hospitali kama angekwenda kwa homa. Na anayefikiri kujidhuru asingoje hata siku moja. Tatizo ni kwamba jina la Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili iliyoko Dodoma, tumelifanya kejeli ya mitaani, tukamtania kwalo kila aliyesema neno lisilotupendeza. Mgonjwa akiusikia utani huo mezani kwake mwenyewe, kutoka kwa jamaa zake, huona heri anyamaze, na hao hao jamaa ndio baadaye huuliza kwa nini hakusema mapema.