Eti "Kazi ni Kazi"? Tuache Kudanganyana

Mwaka jana niliweka video fupi nikiwa nimevaa ovaroli, nimesimama nje ya geti ya godauni moja Industrial Area, saa kumi na mbili asubuhi. Nilisema maneno matatu tu: "Kazi ni kazi." Mliipenda sana. Mathe akaitumia wenzake wa chama. Leo nairudisha hiyo kauli mdomoni, juu niliwauzia uongo.

Acha niwaambie venye hiyo kazi ilikuwa. Nilianza Januari 2025, nikatoka Novemba. Natembea kwa mguu kutoka Mukuru kwa Njenga, bado giza. Nje ya geti tunajaa watu kama mia, na wanaotakiwa ni arobaini. Mnyapara anatoka na kitabu, anaangalia sura, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Ukitaka kidole kikufikie, uwe ulimwachia soo ya chai jana jioni. Ukiingia, unabeba katoni mpaka saa kumi na mbili jioni, unapewa mia tano hamsini, unaenda. Kesho unaanza upya, kama mtu hawajawahi kumwona.

Tupige hesabu pamoja. 550 mara siku 26 ni 14,300. Toa soo ya mnyapara kila siku, inabaki 11,700. Toa chapo na madondo ya mchana, 80 kwa siku, inabaki 9,620. Toa keja ya mabati ya 3,500, unabaki na 6,120. Hapo hujanunua unga, maji ya mtungi, sabuni wala tokeni za stima, na hujamtumia mathe kitu. Na hiyo ni kama hujaugua hata siku moja.

Sasa weka hiyo kando ya sheria. Mei 1, 2024, Rais alisimama Uhuru Gardens akatangaza nyongeza ya asilimia 6 kwa kima cha chini cha mshahara. Ilipoanza Novemba mwaka huo, mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi alifaa kulipwa angalau 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya posho ya nyumba. Watu walipiga makofi. Lakini hiyo pesa haikuvuka geti yetu, kwa sababu kwa vitabu vyao sisi hatukuwa wafanyakazi. Tulikuwa vibarua.

Hapa ndipo mchezo uko. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na haandikwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaendelea: ukifanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe haiwezi kutarajiwa kuisha chini ya miezi 3, wewe si kibarua tena. Unahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na hufukuzwi bila notisi. Na kandarasi ya miezi 3 au zaidi lazima iandikwe. Kazi ya kuiandika ni ya mwajiri, si yako.

Msidhani wenye godauni hawajui. Wanajua kutuliko. Ndio maana kila miezi mitatu ikikaribia mnyapara anakwambia, "Pumzika kidogo, kazi imepungua." Unakaa nyumbani wiki moja, huku lori zinatoka vilevile. Ukirudi, jina lako linaandikwa kwa kitabu kipya.

Kuna jamaa tulikuwa tunabeba naye. Alikuwa hapo miaka sita. Miaka sita ya kuwa "kibarua wa leo". Mwezi wa tisa mkono wake ulinaswa na mkanda wa mashine, vidole viwili vikaenda. Akapewa elfu mbili na boda ya kumpeleka hospitali. Alipopona kidogo akaenda ofisini kuuliza habari ya fidia. Wakamwuliza: "Wewe ni nani? Onyesha karatasi." Hakuwa na karatasi. Usiku huo akanitumia ujumbe. Hakuandika neno lolote, alinitumia tu ile video yangu.

Sijalala vizuri hiyo wiki.

Najua kuna mtu atasema, "Ukikataa wewe, kuna mia nje ya geti." Ni kweli, na hiyo ndiyo nguvu yao. Lakini wale mia wakiwepo haimaanishi sheria haipo. Mwingine atasema viwanda vitafungwa. Buda, siongelei mama wa kibanda anayemlipa msichana mmoja kwa taabu. Naongelea mahali lori kumi zinatoka kila siku zimejaa. Kama biashara ya ukubwa huo haiwezi kusimama bila kumwibia mbebaji 2,000 kwa mwezi, basi anayeibeba ni huyo mbebaji.

Na sisi wa kutengeneza content tumechangia. "Amka saa kumi, usilalamike, kazi ni kazi." Hiyo kauli ilianza na maana nzuri: usimdharau mtu wa mjengo, usimcheke mwenye mkokoteni. Hapo sina neno. Kazi haina aibu. Lakini sasa imegeuzwa kuwa "usiulize." Aibu ni ya anayelipa vibaya, na sisi tukaichukua tukajivisha wenyewe.

Kwa hivyo badala ya motisha, leo nawapa kitu cha kufanya. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, pesa uliyopewa na jina la aliyekuandika. Ukilipwa kwa M-Pesa, usifute hizo meseji, hata kama zinatoka kwa namba ya mnyapara. Kesi ikifika kortini na mwajiri akose kuleta kandarasi ya maandishi, sheria hiyohiyo, kifungu cha 10, inamwachia yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Lakini usilale, una miaka 3 ya kushtaki. Ukiumia, kuna sheria ya fidia inayoitwa WIBA, inayomtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Na Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na ya kuingia chama cha wafanyakazi. Haijasema "isipokuwa kibarua."

Wiki iliyopita nilikaa na yule jamaa kwake, tukapekua simu yake. Tulipata meseji za malipo za miaka miwili na nusu, moja baada ya nyingine. Ameshazipeleka ofisi ya leba. Mimi nimeandika taarifa ya ushahidi, nikaweka jina langu kamili na namba ya kitambulisho. Huenda hakuna mnyapara atakayeninyooshea kidole tena kwenye hiyo barabara, na keja inalipwa tarehe tano kama kawaida. Naogopa, siwafichi.

Lakini kama kesho asubuhi utakuwa nje ya geti, beba kalamu.