Kuomba ulinzi ugenini si usaliti

Miongoni mwa ndugu zetu waishio Uingereza wapo wanaovumilia vitisho na vipigo majumbani, wakidhani kuwa kumshitaki Mwislamu mwenzao kwa polisi ni usaliti. Dhana hiyo haina msingi. Mtume (s.a.w.) aliporejea kutoka Taif aliingia Makka chini ya ulinzi wa Mut'im bin Adiy, ambaye hakuwa Mwislamu.

Katika England na Wales, sheria ya familia ya mwaka 1996 humruhusu anayeteswa na mume au jamaa kuiomba mahakama amri ya kumzuia mtesaji. Tangu 2007, kuivunja amri hiyo ni jinai yenye kifungo hadi miaka 5. Penye hatari ya papo hapo, polisi huitwa kwa simu 999.

Kumsitiri dhalimu ndiko kumsaliti aliyedhulumiwa.