Aliyeliona Taji: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu Korona

Kila msimu wa mafua ukirudi, sauti zilezile nazo hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Mtu anajirekodi dakika tatu akisema korona haipo, au ipo lakini ilizuliwa 2019, na kabla ya adhuhuri ujumbe umeshafika Tanga, Mombasa na Muscat. Wengine, kwa nia njema kabisa, hujibu kwa kumtaja June Almeida, mwanamke wa Glasgow "aliyegundua korona peke yake". Siwabezi wanaouliza, mtu aliyemzika mzazi katika miaka ile ana haki ya kuuliza. Ila madai haya, ya wanaokana na ya wanaosifu, yana kosa moja: yanaifuta kazi iliyofanyika. Basi tuyajibu kwa kuifuata kazi yenyewe.

Dai la kwanza: Hakuna aliyewahi kukiona kirusi cha korona

Kwa macho matupu, kweli hakuna. Hata hadubini ya darasani haifui dafu. Kirusi cha korona kina upana wa nanomita 100 hivi; ukivipanga 10,000 kwa mstari ndipo unapata milimita moja. Mawimbi ya mwanga ni marefu mno kwa kitu kidogo kiasi hicho, kwa hiyo hutumika hadubini ya elektroni.

Kazi yenyewe huwa hivi. Tone la sampuli huwekwa juu ya kiwavu cha shaba chenye upana wa milimita tatu, kisha hutiwa chumvi ya metali nzito iliyoyeyushwa. Ikikauka, chumvi hiyo huzunguka kila kilichomo, kama tope la mvua linavyozunguka mawe uani na kuyaacha yamejitokeza. Elektroni huzuiwa na metali lakini hupenya penye kirusi, hivyo pichani kirusi huonekana cheupe katikati ya weusi. Mtazamaji huketi gizani saa nyingi, akisogeza kiwavu kidogo kidogo.

Almeida aliikuza mbinu moja zaidi. Alichanganya sampuli na kingamwili, zile protini za damu ambazo mwili wa aliyeugua hutengeneza dhidi ya kirusi kilichomuuguza. Kingamwili hukamata kirusi chake na kukifunga na wenzake katika vishada. Sasa anayesema picha za virusi ni vumbi tu, atuambie: ni vumbi gani linalotambuliwa na damu ya mgonjwa aliyepona, na damu ya asiyeugua ikalipita kama hailioni?

Dai la pili: Korona ilizaliwa 2019, na ushahidi wa njama uko kwenye chupa

Mwaka 2020 ilisambaa picha ya chupa ya dawa ya kuua vijidudu, iliyotengenezwa kabla ya janga, imeandikwa kwamba inaua virusi vya korona vya binadamu. "Walijuaje?" watu wakauliza. Swali zuri, na jibu lake liko wazi: korona ni jina la ukoo. UVIKO-19 ni ugonjwa unaoletwa na mtoto mmoja tu wa ukoo huo, tena mtoto wa mwisho kujulikana.

Hadi sasa tunajua virusi saba vya ukoo huu vinavyomwambukiza binadamu. Vinne huleta mafua ya kawaida. Cha SARS kilizuka 2002, cha MERS kikatambuliwa 2012 nchini Saudi Arabia. Huku kwetu Pwani, watafiti wa Kilifi walikuta aina tatu za korona za mafua ya kawaida katika sampuli walizochukua puani mwa watu majumbani mwao mwaka 2009 na 2010. Huenda wewe na mimi tumeshapiga chafya za korona tangu utotoni.

Na ile hataza ya taasisi ya Pirbright ya Uingereza, ambayo nayo ilizungushwa kama ushahidi? Ilihusu korona ya kuku, iliyodhoofishwa ili kutafuta chanjo. Mfugaji wa kuku wa kisasa anaufahamu ugonjwa huo kwa herufi mbili, IB, zilizoandikwa kwenye kichupa cha chanjo ya vifaranga. Ulielezwa Marekani mwaka 1931.

Dai la tatu: Wanasayansi hufuatana kama kondoo

Laiti Almeida angekuwa hapa atusimulie. Kabla ya picha za virusi vya binadamu, alikuwa ameona chembe zenye sura ileile katika virusi vya kuku wenye ugonjwa huo wa IB na vya panya wenye ugonjwa wa ini. Alipoandika makala, wakaguzi waliikataa. Walisema hizo ni picha mbaya za kirusi cha influenza, basi.

Hakuwatukana, wala hakurekodi ujumbe wa kuwashtaki kwa umma. Alirudi kwenye hadubini. Madaktari wa Salisbury, Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa mafua, walikuwa na sampuli iliyowatatiza, B814, iliyotoka puani mwa mvulana wa shule ya bweni huko Surrey. Waliojitolea walitiwa sampuli hiyo puani wakapata mafua, lakini kirusi chenyewe kilikataa kuota kwa njia za kawaida. Kwa kuwa etha ilikiua, walijua kina gamba la mafuta, kwa hiyo si kile kirusi cha mafua walichokizoea. Mkuu wa utafiti, David Tyrrell, aliipeleka London kwa Almeida pamoja na sampuli za virusi vinavyojulikana, vya influenza na herpesi, ili ijulikane kama jicho lake ni la kuaminika. Alivitambua vile vya kawaida. Kisha katika B814 akaiona tena sura ile aliyokataliwa: duara lenye vijiti vilivyochomoza pande zote, kama taji.

Picha zilichapishwa 1967. Sayansi ilimkatalia, ikamjaribu, kisha ikamkubali kwa sababu alichokiona kilionekana tena.

Dai la nne: Aligundua korona peke yake

Hili linatoka kwa wanaompenda, nami pia ninampenda, ndiyo maana nalipinga. Sampuli ilikuwa ya Tyrrell na wenzake. Kukiotesha kirusi kuliwezekana kwa mbinu ya kutumia vipande vya koo hai, ambayo Bertil Hoorn aliileta kutoka Sweden. Huko Chicago, Dorothy Hamre naye alikuwa amekipata kirusi chake, 229E, kwa wanafunzi wa udaktari wenye mafua. Hospitali ya St Thomas' ya London, alikofanyia kazi Almeida, ilikuwa na Tony Waterson, aliyemshawishi kurudi kutoka Kanada.

Jina lenyewe, korona, yaani taji, lilitangazwa Novemba 1968 katika jarida la *Nature*, kwa saini za watu wanane. Almeida na Hamre wamo, na wamo pia watafiti wa maradhi ya kuku. Ukimpa mmoja sifa zote, unamfunza kijana wako kwamba maarifa hushuka kwa mtu mmoja kama ndoto. Kidole kimoja hakivunji chawa. Almeida alikuwa kidole kisichokosea, lakini alikuwa na mkono.

Dai la tano: Aliacha shule na akafanikiwa, kwa hiyo elimu haina maana

Alizaliwa 5 Oktoba 1930, binti wa dereva wa basi, akaacha shule akiwa na miaka 16 kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha za chuo kikuu. Hayo ni kweli, na wahamasishaji huishia hapo. Kilichofuata hawakisemi. Aliingia maabara ya hospitali ya Glasgow kama fundi, akijifunza kuchunguza vipande vya nyama za mwili kwa hadubini. Akaenda London, kisha Toronto, kwenye taasisi ya saratani iliyomwachia mashine ya elektroni na nafasi ya kuandika makala bila kudai cheti kwanza. Baadaye alitunukiwa udaktari wa sayansi kutokana na kazi alizochapisha.

Huyo hakuikwepa elimu. Aliisoma kwa mlango wa uani, miaka mingi, kwa mikono. Kinachonichoma ni kingine: ni vijana wangapi wenye jicho kama lake wamekwama kwenye maabara zetu za wilaya, wakipaka slaidi za malaria kila siku, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanaona nini?

Dai la sita: Hayo ni mafua ya Wazungu, hayatuhusu

Kama angeishia kwenye mafua, bado yangetuhusu. Lakini alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967, akiwa na wenzake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukionyesha kirusi cha rubela, kile ambacho kikimpata mama mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi, akiwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho au na moyo wenye kasoro. Mwaka 1971 yeye na wenzake walionyesha kwamba kirusi cha homa ya ini ya B kina sehemu mbili, ganda la nje na kiini cha ndani, na kwamba mwili hutengeneza kingamwili tofauti kwa kila moja. Hadi leo maabara ikitaka kujua kama mtu amewahi kuambukizwa homa hiyo au amechanjwa tu, hutegemea tofauti hiyo. Albert Kapikian wa Marekani alijifunza kwake mbinu ya kingamwili, na mwaka 1972 akaitumia kukipata kirusi cha kuhara cha Norwalk. Alipokuwa amestaafu, Almeida alirudi tena maabara kusaidia kupata picha safi za VVU.

Hakutengeneza chanjo, na sitamvika sifa hiyo. Aliwaonyesha wengine adui alivyo. Almeida alifariki 1 Desemba 2007. Januari 2020, watafiti wa China walipotafuta sababu ya homa ya mapafu ya Wuhan, walitandaza tone kwenye kiwavu, wakatia chumvi ya metali, wakatazama. Duara, na vijiti pande zote. Jina lake lilikuwa limeshangoja zaidi ya miaka hamsini.

Kwa hiyo sauti ile ikikufikia tena, kabla hujaituma mbele, fungua kabati utoe kadi ya kliniki ya mwanao. Tafuta mstari wa penta, ndani yake imo kinga ya homa ya ini ya B. Shuka hadi mstari wa surua na rubela, chanjo iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Tanzania mwaka 2014. Muuguzi ameandika tarehe kwa kalamu pale palipokuwa wazi. Kabla ya kalamu ile, kuna mtu aliyeketi gizani akitazama.